Kizibo Kimehama Tena

Desemba iliyopita nilikuwa ushago, Taita, kwenye mteremko ulio chini kidogo ya Wundanyi. Saa nne asubuhi nilikuwa na intavyu ya kazi mtandaoni. Bando ya wiki nzima nilikuwa nimenunua usiku, na juu ya skrini 4G ilikuwa inang'aa, mistari yote imesimama wima. Dakika ya sita, sura ya mama aliyekuwa akiniuliza maswali ikaganda, mdomo wazi. Nikasikia "unaweza kutuambia..." halafu kimya. Nikazima data, nikawasha. Nikapanda ukuta wa zizi la mbuzi. Wapi!

Hapo chini ya mwembe, binamu yangu mwenye laini ya kampuni nyingine alikuwa anatazama video moja baada ya nyingine, hana habari. Intavyu nilimalizia kwa hotspoti yake, dakika kumi na moja zikiwa zimepotea. Kazi sikupata. Sisemi ni intaneti iliyoninyima, lakini niliondoka na swali: nalipa bei ileile ninayolipa Nairobi, mbona sipati kitu kilekile? Na mbona yeye alipata?

Nyanya aliniangalia nikilalamika, akacheka. "Mjukuu wangu, wewe umepoteza dakika kumi. Sisi simu ilikuwa ya posta. Unashuka kwa miguu, unapanga foleni, ukifika unaambiwa laini ina watu, rudi kesho."

Ni yeye aliyenifanya nianze kusoma historia ya hii kitu. Nilichokiona ni kwamba njia ya mawasiliano yetu imekuwa na kizibo siku zote. Kila mara tukiambiwa kimeondolewa, kumbe kimehama tu.

Kizibo cha kwanza kilikuwa angani. Kwa miaka mingi mawasiliano mengi ya Kenya na ng'ambo yalipitia kituo cha setelaiti cha Longonot, kilichofunguliwa 1970. Shirika la Posta na Simu, KPTC, lilikuwa ndilo kila kitu: barua, simu na njia ya kutoka nje. Mwaka 1999 likagawanywa. Posta ikaenda zake, Telkom Kenya ikabaki na simu za waya, na kukaundwa tume ya kusimamia sekta, CCK. Lakini Telkom iliachiwa kwa miaka kadhaa haki ya kuwa mlango pekee wa kupitisha mawasiliano ya kimataifa.

Sasa fikiria Nairobi ya mwaka 2000. Wewe uko kwenye saiba moja mjini, mwenzako yuko kwenye nyingine mtaa wa pili, ila kampuni zinazouza intaneti kwa saiba hizo ni tofauti. Ukimtumia barua pepe, ilikuwa inapanda hadi setelaiti, kilomita kama 36,000 juu, inashuka Marekani au Ulaya, inapanda tena, ndipo inarudi kumfikia mtu ambaye ungemwita kwa dirisha akasikia. Piga hesabu: ni zaidi ya kilomita 140,000. Hata kwa kasi ya mwanga, hiyo ni karibu nusu sekunde ya kwenda tu, bila kurudi. Na kila kilomita ya hiyo safari ilikuwa inalipiwa kwa dola.

Kampuni za intaneti zikaungana, zikajenga kituo cha kubadilishana data hapa hapa Nairobi, KIXP, kikafunguliwa mwishoni mwa 2000. Yaani cha Nairobi kibaki Nairobi. Telkom ikalalamika kwamba haki yake imeingiliwa, na CCK ikaamuru kituo kifungwe. Hakikuwa kimemaliza hata mwezi. Ilichukua zaidi ya mwaka mmoja wa kuvutana kabla kufunguliwa tena, Februari 2002. Hapa ndipo mimi nilisimama kidogo. Tumezoea kudhani intaneti ikiwa polepole ni mambo ya mitambo. Hii ilikuwa polepole kwa barua ya ofisi.

Kizibo cha pili kilikuwa baharini. Hata baada ya KIXP, kila kitu cha nje bado kilipita kwa setelaiti. Mwaka 2009 nyaya za faiba zikafika Mombasa: TEAMS, iliyotoka Fujairah kule Falme za Kiarabu, na SEACOM, iliyowashwa Julai mwaka huo. EASSy ikafuata 2010. Wale waliokuwa wanalipa kwa dakika kwenye saiba wanakumbuka tofauti. Ukurasa uliokuwa unafunguka nusu nusu, picha ikianzia juu kama pazia linalovutwa, ukaanza kufunguka mara moja.

Lakini bahari nayo ina mambo yake. Februari 2012 meli ilitia nanga pasiporuhusiwa karibu na Mombasa, ikakata TEAMS. Mei 2024, EASSy na SEACOM zikakatika karibu wakati mmoja upande wa Afrika Kusini, na huku kwetu video zikaanza kuzunguka tu. Wengi tulilaumu laini zetu. Kizibo kilikuwa maelfu ya kilomita kutoka kwa simu zetu.

Kizibo cha tatu ndicho kilichonipata kwenye zizi la mbuzi. Hiki kiko kati ya simu na busta.

Safaricom na KenCell zilianza biashara mwaka 2000, zote zikiuza sauti. KenCell ikawa Celtel, kisha Zain, kisha Airtel mwaka 2010. Telkom ikaleta Orange 2008, na yu ikaingia mwaka huohuo. Safaricom ikawasha 3G 2008 na 4G mwishoni mwa 2014, ikianzia Nairobi na Mombasa. Kuna kisa kimoja kinachoonyesha vizuri kwa nini mitandao haifanani. Yu ilipofunga virago kati ya 2014 na 2015, iligawanywa mara mbili: wateja wakaenda Airtel, mitambo ikaenda Safaricom. Watu huku, minara kule. Mtandao ni minara, ni masafa, na ni idadi ya watu wanaogawana hivyo viwili.

Masafa ya chini, kama 800 MHz, yanafika mbali na yanavumilia kuta na miti, lakini hayabebi mengi. Ya juu yanabeba mzigo mkubwa ila yanachoka haraka. Unakumbuka 2015, vituo vikubwa vya TV vilipozimika kwa wiki kadhaa kwa sababu ya kuhamia dijitali? Sehemu ya masafa iliyoachwa na analojia ndiyo hiyo simu zilikuwa zinaingojea.

Halafu kuna ile mistari ya skrini. Inakuonyesha tu kwamba simu yako inaisikia busta vizuri. Haisemi chochote kuhusu barabara iliyo nyuma ya busta, kama ni faiba au ni redio inayorushwa kutoka mnara hadi mnara. Wala haikuhesabii watu. Busta iliyopimiwa kijiji, Desemba inapokea Nairobi nzima iliyorudi nyumbani na simu mkononi. Mtandao wenye wateja wengi ndio unaosongamana kwanza. Ule wa binamu yangu, ambao mjini huwa namcheka nao, kwenye mteremko ule ulikuwa na nafasi.

Tangu Aprili 2011 tunaruhusiwa kuhama mtandao na namba yetu. Wachache sana walihama. Wengi tulinunua simu ya laini mbili, tukaendelea. Naelewa, hata mimi siku hizi ninazo mbili. Lakini tumelipa mara mbili ndipo tupate kitu kimoja, na tumesahau kuuliza.

Sasa intaneti ikigoma, najaribu kutafuta kizibo kwanza. Nikiamka saa kumi na moja alfajiri nikute iko fiti, basi usiku tulikuwa wengi. Zikifunguka tovuti za hapa na za nje zigome, naangalia habari za bahari. Nikisogea hatua ishirini mambo yabadilike, ni mlima au ukuta. Na nikijua, najua wa kumwuliza: kampuni, au Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo kazi yake ni pamoja na kupima ubora wa huduma tunayouziwa.

Nimemwambia nyanya haya yote kwa simu. Akanyamaza, nikadhani laini imekatika.

"Niko," akasema. "Sasa hiyo kazi nyingine, utaomba lini?"