Jina la Mtoaji Juu ya Jiwe

Huku kwetu Mbagala, Tandika na Bunju visima vya sadaka ni vingi, na vingi vina kibao: sadaka jariya ya fulani, kwa ajili ya wazazi wake. Leo tuangalie desturi hii ya kuandika mtoaji na sababu yake ilivyo ya kale.

Tuanze Marib, Yemen, nchi ya Sabaa. Tunaijua kutoka Suratun Naml, kwenye kisa cha malkia aliyeandikiwa barua na Nabii Sulaiman (a.s.). Kabla ya Uislamu, watu wa huko walisimamisha mawe katika mahekalu yao, wakayachonga kwa herufi ziitwazo musnad. Mpangilio ulikuwa mmoja: jina la mtoaji na ukoo wake, jina la mungu wao Almaqah, alichotoa, mara nyingi sanamu ya shaba, halafu sababu. Huyu kapona, yule karudi salama vitani, mwingine kapata mavuno. Na wanawake wamo kwa majina yao wenyewe, wakishukuru kwa watoto waliojaliwa.

Maandishi hayo yalivuka Bahari ya Shamu hadi upande wetu wa Afrika. Mwaka 2007, karibu na mji wa Wukro huko Tigray, Ethiopia, ilipatikana madhabahu ya Almaqah yenye umri wa zaidi ya miaka 2,500. Mfalme Wa'ran amejitaja humo kuwa mwana wa Radi'um na wa Shakkatum. Baba katajwa, na mama katajwa.

Tuje sasa Unguja, Kizimkazi Dimbani. Ndani ya msikiti, ukutani upande wa kibla, kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe. Yanasema msikiti ulijengwa kwa amri ya Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad, mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Hapa hakuna sanamu wala mungu wa kabila. Anayekusudiwa ni Allah peke yake, na watu wanasali humo hadi leo.

Jina la mwanamke halimo katika jiwe hilo. Lakini msidhani bibi zetu hawakutoa. Hati za wakfu za Zanzibar zina wanawake waliotoa nyumba na mashamba kwa ajili ya misikiti na jamaa zao. Wao majina yao yalibaki kwenye karatasi, na karatasi huliwa na mchwa.

Bibi harusi, hili linakuhusu. Mahari ni mali yako, Suratun Nisaa imeliweka wazi. Ukitaka kutoa sehemu yake kwa kisima, misahafu ya madrasa au bati la msikiti, ni haki yako. Jina si sharti. Allah anakujua hata bila kibao, na riya huila sadaka. Ila ikiwa kibao kitawekwa, kwa nini kiandikwe "mke wa fulani"? Mwambie fundi aandike jina lako na la baba yako, na kama umemtolea mama yako, la mama yako pia. Wajukuu watakaochota maji pale wajue wamwombee nani.

Allah atutakabalie. Amin.