Kiti cha Rambo na Komenti Iliyoninyima Usingizi

Wiki mbili zimepita tangu nipost klipu ya Rambo. Kama hukuiona: Rambo ni mbwa wa jirani yangu hapa Kayole, koko safi, rangi ya chai ya maziwa. Januari boda ilimgonga pale stage, uti wa mgongo ukaumia, miguu ya nyuma ikabaki ya kuburutwa. Ploti nzima ilisema apigwe sindano aende. Jirani akakataa. Alimbeba kwa gunia hadi Kariobangi Light Industries, kwa fundi anayechomelea mageti. Wakampima na tepu ya fundi wa nguo, wakakata paipu za maji, wakatoa magurudumu mawili kwa baiskeli ya mtoto iliyokuwa inakula kutu juu ya paa. Mkanda wa kifuani ni wa begi la shule. Jumla ilikuwa shilingi 1,800, pamoja na soda ya fundi. Kwenye klipu Rambo anafukuza kuku kama hakuna kilichotokea.

Watu walicheka, wengine wakalia, wakashare. Halafu ikaingia hii:

"Niko Dandora. Nimengoja kiti miaka miwili. Mbwa amepata kwa wiki moja."

Hiyo tu. Hakuna tusi, hakuna emoji. Ilipata laiki nyingi kuliko klipu yenyewe. Nikaanza kuandika jibu la kujitetea, kwamba pesa ni ya jirani, kwamba mbwa hajamnyima mtu kitu. Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Saa nane usiku nikawa naanza kusoma historia. (Ndio, niliacha campo mwaka wa pili. Kusoma sikuacha. Mama akifikiwa na hii post, ajue.) Na manze, yule msee wa Dandora ana haki kuliko hata yeye mwenyewe anavyojua.

Anza na 1910. Reli ilifika Nairobi 1899, kwa hivyo mji ulikuwa na miaka kumi na kitu tu, mabati na matope. Mwaka huo wazungu waliokuwa hapa walianzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, hicho ambacho leo tunakiita KSPCA. Sisemi walikosea. Punda wa mkokoteni anahitaji mtetezi, hata leo ukisimama Gikomba asubuhi utaona kwa nini. Lakini angalia kilichofuata. Miaka kumi hivi baadaye, mwanamume Mwafrika analazimishwa kutembea na kipande, karatasi za kazi na alama za vidole ndani ya kikebe cha chuma kinachoning'inia shingoni. Wazee wa wakati huo walikifananisha na kengele ya mbuzi. Yaani mji mmoja, kizazi kimoja: mnyama amepata chama, mtu amevalishwa kengele.

Sasa tafuta mlemavu kwenye hiyo ratiba. Shule ya kwanza ya wasioona Kenya, ile ya Salvation Army kule Thika, ilianza 1946. APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo ambacho kina karakana ya viti, kilianza 1958, miaka ambayo polio ilikuwa inaacha watoto wengi bila nguvu miguuni. Piga hesabu. Kutoka mnyama hadi mtoto asiyeona, miaka 36. Kutoka mnyama hadi mtu asiyeweza kutembea, 48.

Kuna kitu kingine nilikuwa napita kila nikienda tao bila kukifikiria: Kariokor. Jina hilo ni Carrier Corps likiwa limepita kwenye midomo ya watu wetu. Vita vya kwanza vya dunia, 1914 hadi 1918, Waingereza walichukua wanaume kwa malaki Afrika Mashariki wabebe mizigo ya jeshi vichwani na mabegani. Makumi ya maelfu walikufa, wengi si kwa risasi, ni kwa kuhara, malaria na njaa. Waliorudi, wengi walirudi wamevunjika.

Katikati ya vita hivyo hivyo, 1916, kule Oldenburg, Ujerumani, daktari aitwaye Gerhard Stalling alifungua shule ya kufundisha mbwa kuongoza wanajeshi waliopofuka vitani. Hapo ndipo kazi ya mbwa mwelekezi ilipoanza kama mpango wa kweli, na shule yake. Vita vile vile, mwaka ule ule. Mjerumani aliyepoteza macho alipewa mbwa. Mbebaji wa Kariokor hakupewa hata fimbo.

Wabebaji walipata sanamu. Iko Kenyatta Avenue, bila shaka umeshawahi kungoja mtu hapo. Ilizinduliwa 1928, na maandishi yake yanawaita wabebaji wale miguu na mikono ya jeshi. Miguu na mikono! Mwaka huo huo Mmarekani kijana asiyeona, Morris Frank, alirudi kwao kutoka Uswisi na mbwa aitwaye Buddy, wakavuka barabara ya New York mbele ya waandishi wa habari, magari yakipita kama kawaida. Mwaka uliofuata wakafungua shule ya kwanza ya mbwa waelekezi Marekani. Uingereza ikapata mbwa wake wanne wa kwanza 1931. Afrika Kusini ikaanzisha chama chake 1953.

Na sisi? Sisi tulikuwa koloni la Mwingereza. Mbwa waliletwa, tena wengi, lakini kwa kazi nyingine. 1911 tajiri mmoja Mmarekani, Paul Rainey, alileta kundi zima la mbwa wa kuwinda kwa meli waje wakimbize simba hapa. Miaka ya hamsini, mbwa wa kunusa nyayo walitumiwa msituni Aberdare na Mlima Kenya kuwasaka Mau Mau. Tarehe 24 Aprili 1954 ndiyo Operesheni Anvil, Eastlands ikazingirwa alfajiri, watu wakatolewa kwa nyumba zao Bahati na kwingine, maelfu wakapelekwa vizuizini Langata, Mackinnon Road na Manyani. Shosho yangu alikuwa msichana mdogo. Hadi anakufa, mbwa akibweka usiku alikuwa anazima taa.

Kwa hivyo mbwa alipoandikwa kazi Nairobi, aliandikwa askari. Soma geti lolote la Karen au hata la Donholm: MBWA KALI. Sijawahi kuona geti limeandikwa mbwa mpole.

Tena hofu yetu si ujinga. Kisa cha kwanza cha kichaa cha mbwa kuandikwa Kenya kilikuwa 1912, mbwa wa hapa pembeni mwa Nairobi, na ugonjwa huo bado unaua Wakenya leo. Kuna pia majirani zetu Waislamu wa Pumwani na Eastleigh, ambao mate ya mbwa kwao ni najisi na lazima mtu ajitakase kabla ya swala. Watu hupenda kuishia hapo, kwamba dini imefunga mlango. Haijafunga. 2008 kule Leicester, Uingereza, kijana Mwislamu asiyeona aliruhusiwa kufika msikitini na mbwa wake mwelekezi, wanachuoni wakakaa chini wakakubaliana, mbwa akatengewa mahali pake pa kupumzika nje ya ukumbi wa swala. Ilihitaji tu watu wakae waongee.

Lakini kama mbwa hakupewa hiyo kazi hapa, nani aliifanya?

Mimi.

Shosho alianza kupoteza macho kwa presha ya macho nikiwa darasa la tatu. Nilikuwa nashika ncha moja ya fimbo, yeye ncha nyingine, tunatoka nyumbani hadi stage, kliniki, kanisa, kwa mama mboga. Jumatano za kliniki sikuenda shule. Nilijifunza kusema "ngazi" kabla ya ngazi na "mtaro" kabla ya mtaro. Siku moja nilisahau kusema mtaro, nikiwa naangalia watoto wakicheza bano. Hakunilaumu. Alikaa chini pale pale akajipangusa, akasema, "Kijana wangu, leo tumeoga mapema."

Nilipokuwa form two nikamwonyesha, nikimsimulia, video ya mbwa anayemvusha mtu barabara. Nikamwambia, "Shosho, kuna nchi mbwa ndiye anafanya hii kazi yangu." Akacheka hadi akakohoa. "Nishikwe mkono na mbwa? Na akiona mfupa, mimi niko wapi?" Kisha akanyamaza kidogo, akauliza, "Na huyo mtoto wao huwa wapi?" Nikamwambia, shule. Hakucheka tena.

Tembea tao uone. Mtoto mbele, mtu asiyeona nyuma, fimbo katikati. Hata mashujaa wetu ni hivyo. Henry Wanyoike alipofuka 1995, akawa bingwa wa Paralimpiki mbio za mita 5,000 Sydney 2000. Wengi wanakumbuka dhahabu. Mimi nakumbuka kwamba mwelekezi wake alikuwa mgonjwa siku hiyo, akaishiwa nguvu, na asiyeona ndiye aliyemvuta anayeona hadi mwisho. Kenya tumejenga kila kitu juu ya mtu kumshika mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mtoto ambaye hakuna aliyemuuliza.

Je, mbwa angeweza Eastlands? Kwa sasa nina shaka. Mbwa mwelekezi hufundishwa kufuata ukingo wa njia, kusimama kwenye ngazi, na kukataa amri kama gari linakuja. Hiyo ya kukataa ndiyo kazi kubwa yake. Sasa mpeleke Jogoo Road saa kumi na mbili jioni: njia ya miguu ina mitumba, boda inapita juu yake, mfuniko wa mtaro umeuzwa chuma chakavu. Mbwa atakataa amri kutoka asubuhi hadi usiku. Halafu mpandishe mathree, ujaribu kumwelezea makanga kwamba huyu hatalipa kiti.

Sheria inaruhusu zaidi ya barabara. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu 2008, na mkataba huo unataja msaada wa viumbe hai, si vifaa tu. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mlemavu ana haki ya kupata vifaa vya kushinda vizuizi vyake. Haki. Yule msee wa Dandora haombi.

Na usidhani mbwa msaidizi ni kitu cha mzungu. Gulu, kaskazini mwa Uganda, kuna jamaa anaitwa Francis Okello Oloya. Akiwa na miaka 12, bomu la vita lililofukiwa kwenye shamba la familia lilimlipukia, macho yakaenda. Alipopelekwa shule ya bweni, shida yake kubwa ilikuwa kutoka bwenini kwenda choo usiku. Mbwa wa pale shuleni walianza kumsindikiza. Hakuna aliyewafundisha. Alipokuwa mkubwa, tayari ni mtaalamu wa saikolojia, alianzisha mradi wa kuwaunganisha watu walioumizwa na vita vya LRA na mbwa waliokuwa hawana mwenyewe. Mtu anajifunza kumtunza mbwa, mbwa anakaa naye usiku ule mgumu. Mbwa koko, wasee. Rangi ya chai, kama Rambo.

Nirudi kwa kiti, maana hapo ndipo niliulizwa. Kulinganisha 1,800 ya Rambo na kiti cha mtu si sawa, na nasema hivi si kujitetea. Rambo anavuta kwa miguu ya mbele, magurudumu yanashikilia tu kiuno, na havai siku nzima, akilala anavuliwa. Jirani humkamua mkojo kwa mkono mara kadhaa kwa siku, sehemu ambayo sikuweka kwenye klipu. Mtu anakaa kwenye kiti saa kumi na mbili. Kisipomtosha, anapata vidonda vya kukalia, na vidonda hivyo vinaua. Kiti kizuri cha Dandora kinataka gurudumu la mbele pana lisizame kwenye matope. Hiyo si kazi ya paipu na begi la shule.

Lakini wiki moja dhidi ya miaka miwili, hiyo sina jibu lake. Rambo hakujaza fomu. Hakuambiwa arudi na barua ya chifu, akarudi nayo, akaambiwa muhuri umefifia. Alikuwa na mtu mmoja aliyekasirika na fundi mmoja aliyekuwa na nafasi.

Juzi nikamwandikia msee wa Dandora. Sikumtumia historia yangu ya 1910. Nilimuuliza tu kiti anachotumia sasa kina shida gani. Akasema ni cha kuazima, gurudumu la mbele la kulia limekufa, analifunga na waya, na mdogo wake anamsukuma kwa magurudumu mawili ya nyuma kama mkokoteni. Mdogo wake yuko darasa la sita. Nikampigia fundi. Akauliza upana wa ekseli, nikasema sijui, akasema, "Leta mwenyewe na kiti, si picha."

Tunaenda Jumamosi. Jirani anakuja pia, mkanda wa Rambo umeanza kumchubua.