Ushauri Uliozaliwa Kuchuja

Tangu zamani wanafunzi wa Kilatino nchini Marekani wamelalamika kwamba mshauri wa shule aliwaelekeza karakanani wakati wenyewe wakitazamia chuo kikuu. Lawama kwa kawaida humwangukia mtu mmoja: mshauri yule alikuwa mbaguzi, au mvivu. Wabaguzi walikuwepo, bila shaka. Lakini nikiifuata historia naona kosa liko katika kazi yenyewe, kwa kuwa ofisi ya mshauri ilikabidhiwa jukumu la kuchuja kabla ya kushauri. Frank Parsons, aliyefungua ofisi ya kuelekeza vijana kazini mjini Boston mwaka 1908, alitaka kijana ajitambue kisha achague mwenyewe. Lakini miaka minane baadaye Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alitoa kipimo chake cha akili, na katika kitabu chake cha mwaka huohuo akapendekeza watoto wa Kimexico watengewe madarasa yao, wafundishwe kazi za mikono. Msomi wa elimu George I. Sánchez alimjibu katika miaka ya 1930: mtoto anayeongea Kihispania nyumbani akipimwa kwa Kiingereza, kinachopimwa ni Kiingereza chake. Alikuwa sahihi, na shule zikaendelea kupima.

Fedha nyingi za ushauri shuleni zilikuja baada ya Umoja wa Kisovieti kurusha setilaiti ya Sputnik mwaka 1957. Sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa, ya mwaka 1958, iligharamia mitihani na mafunzo ya washauri ili wanafunzi wenye vipaji, hasa vya sayansi na hisabati, wapatikane mapema. Anayetumwa kuokota wachache huwaacha wengi, na huko California kuachwa kulikuwa na bei kubwa. Mpango wa elimu ya juu wa mwaka 1960 ulikitengea Chuo Kikuu cha California sehemu moja ya nane ya wahitimu wa sekondari, wale walioongoza. Ili kufika huko ilibidi kusoma mfululizo wa masomo maalumu, na mfululizo huo huanza mapema. Aliyepangiwa ufundi au upigaji chapa katika darasa la 9, bila aljebra, alikuwa ameshafungiwa mlango kabla hajajua kwamba mlango upo. Hakuna aliyehitaji kumwambia hapana. Ndiyo maana Machi 1968, maelfu ya wanafunzi walipotoka madarasani mashariki mwa Los Angeles, huku mwalimu Sal Castro wa shule ya Lincoln akiwa upande wao, kusukumwa kwenye michepuo ya ufundi kulikuwa miongoni mwa manung'uniko yao.

Atatokea wa kusema washauri walikuwa wachache mno. Kweli. Mwaka 1959 James Conant, aliyewahi kuwa rais wa Chuo Kikuu cha Harvard, alipendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250 hadi 300, na California ilikaa mbali sana na kiwango hicho, hasa baada ya kura ya mwaka 1978 iliyobana kodi ya majengo na ardhi. Lakini uhaba unaeleza kwa nini mazungumzo yalikuwa mafupi. Hauelezi kwa nini yaliishia upande uleule. Hoja nzito zaidi ni kwamba ufundi ulilipa. Kiwanda cha magari cha General Motors kule South Gate kililisha familia nyingi, na si haki kukidharau. Hata hivyo kilifungwa mwaka 1982, na wengi waliokuwa na cheti cha sekondari peke yake hawakuwa na pa kugeukia. Isitoshe, kazi njema aliyochaguliwa mtu bila kuulizwa bado hajaichagua.

Waliobadilisha mambo mara nyingi walianzia nje ya ofisi ya mshauri. Mwaka 1961 Antonia Pantoja, mzaliwa wa Puerto Rico, aliasisi Aspira mjini New York, nayo ikaunda klabu za vijana na kuwashauri kuhusu vyuo. Mwaka 1981, katika chuo cha Chabot huko Hayward, mshauri Felix Galaviz na mwalimu wa Kiingereza Patricia McGrath waliona kwamba wanafunzi wa Kilatino walikuwa wakiwakwepa washauri. Mradi wao, Puente, ulimweka mshauri pamoja na mwalimu mbele ya kundi lilelile la wanafunzi, ukawaongezea mlezi kutoka miongoni mwa wataalamu wa jamii yao.