Cupriavidus metallidurans, bakteria mstahimilivu wa metali

Cupriavidus metallidurans ni bakteria wa umbo la kijiti anayeishi penye metali nzito kwa kiwango kinachoua vijidudu wengine wengi. Aligunduliwa mwaka 1976 nchini Ubelgiji, katika tope lililotuama kwenye bwawa la majitaka ya kiwanda cha zinki huko Engis, karibu na Liège. Aina hiyo ya kwanza, CH34, ndiyo iliyotafitiwa zaidi. Jina limebadilishwa mara kadhaa. La sasa ni la Kilatini, maana yake mpenda shaba avumiliaye metali.

Wengi hudhani kwamba bakteria huyu hula metali. Sivyo. Zinki kidogo anaihitaji, kama tunavyoihitaji sisi, lakini ikizidi humdhuru, basi huitoa nje. Kazi hiyo hufanywa na pampu ya protini iitwayo Czc, iliyopenya tando zote mbili za seli. Hutoa zinki, kobalti na kadmiamu mfululizo, kama mabaharia wanaokumba maji katika jahazi linalovuja. Jeni za pampu hiyo hazimo katika kromosomu zake mbili bali katika duara kubwa la DNA lililo kando, plazmidi pMOL30. Seli ikiipoteza plazmidi hiyo, sehemu kubwa ya ustahimilivu wake nayo hupotea.

Uzuri wake kwa binadamu huanzia hapo. Metali iliyotolewa hurundikana nje ya seli, mahali ambapo uchachu wa maji umepungua, ikaungana na kabonati na kuganda juu ya ngozi ya bakteria. Wahandisi wamejaribu kupitisha majitaka katika vichujio vya mchanga ambao kila chembe imefunikwa na bakteria hawa. Mchanga ukioshwa, tope lenye metali hutolewa.

Mwaka 2006 mtafiti Frank Reith na wenzake walitangaza kwamba wamekuta DNA inayofanana na ya bakteria huyu juu ya punje za dhahabu kutoka migodi miwili ya Australia, iliyo mbali sana mmoja na mwingine. Tangu hapo yamezuka maneno kwamba anatengeneza dhahabu. Hatengenezi. Dhahabu huwa imo tayari, imeyeyuka majini na ni sumu kwake. Naye huigeuza kuwa chembe ndogo mno za dhahabu ngumu ili isimuue.