Mashabiki wanavyoweza kumsomesha mwanamichezo chuoni

WAPENZI wa michezo nchini Tanzania wamezoea kuchangishana. Huchanga nauli ya timu ya kijiji, jezi, mipira na posho ya waamuzi, na pale klabu kubwa inapoyumba, huchanga hata mishahara ya wachezaji. Jambo ambalo halijazoeleka ni mashabiki haohao kuweka fedha pamoja ili kijana mwenye kipaji asome chuoni hadi amalize. Makala haya yanaeleza namna utaratibu huo unavyofanya kazi huko ulikokomaa, ulivyowafikia Watanzania, na kile ambacho watu wa mji kama Mang'ula, katika bonde la Kilombero, wanaweza kukichukua na kile wanachopaswa kukiacha.

Ufadhili wa masomo kwa mwanamichezo ni makubaliano baina ya chuo na mwanafunzi. Chuo hulipa ada, malazi, chakula na vitabu. Mwanafunzi naye huichezea timu ya chuo huku akisoma na kufaulu masomo yake. Marekani ndiko utaratibu huu ulikoshamiri kuliko kwingineko duniani, ingawa hata huko si vyuo vyote vinavyoufuata. Vyuo vinane vikongwe vya kundi la Ivy League, vikiwamo Harvard na Yale, havitoi ufadhili kwa sababu ya michezo. Mwanafunzi husaidiwa kwa kuangalia uwezo wa familia yake.

Fedha za ufadhili huo hutoka sehemu nyingi: viingilio, haki za televisheni, ada za wanafunzi wengine, na mashabiki. Kundi hili la mwisho ndilo linalotuhusu.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Chuo cha Clemson, katika jimbo la South Carolina. Mwaka 1934, dunia ikiwa katika mdororo mkubwa wa uchumi, wapenzi wa timu ya chuo hicho walianzisha chama walichokiita IPTAY, herufi zinazosimama badala ya maneno ya Kiingereza yenye maana ya "nalipa kumi kwa mwaka". Kila mwanachama alitakiwa kutoa dola 10 kwa mwaka, basi. Wanachama wa mwaka wa kwanza hawakufika 200. Inasimuliwa kwamba wako waliokuwa hawana hata hizo dola 10, nao walipokewa kwa maziwa, viazi vitamu na mboga za majani vyenye thamani hiyo. Mkulima wa mpunga wa Kilombero, anayejua maana ya kulipa deni kwa debe wakati wa mavuno, hatahitaji kuelezwa zaidi. Chama hicho kipo hadi leo, kimesomesha vizazi vya wanamichezo, na vyuo vingi vimeunda vyama vya namna hiyo.

Siri ya chama cha aina hiyo haikuwa ukubwa wa mchango, bali kurudiwa kwake. Mchango wa harambee hutolewa siku moja, kwa shangwe, mbele ya mgeni rasmi, na baadhi ya ahadi hubaki kuwa ahadi. Mchango wa mwaka ni mdogo na hauna shangwe, lakini mhasibu anaweza kuutegemea anapomwandikia barua mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kumweleza kuwa mwaka wa nne pia atalipiwa.

Hatua ya pili ya utaratibu huo ni mfuko wa kudumu. Badala ya kutumia kila kinachochangwa, sehemu huwekezwa na haiguswi. Kinachotumika ni faida yake tu, na vyuo vingi hutoa kati ya asilimia 4 na 5 ya thamani ya mfuko kwa mwaka. Kwa kiwango cha asilimia 4, ufadhili wa dola 20,000 kila mwaka unahitaji mtaji wa dola 500,000. Hizo ni fedha nyingi, na ndiyo sababu majina yanayoonekana kwenye mifuko kama hiyo mara nyingi ni ya matajiri. Hata hivyo, hesabu ni ileile kwa kiasi kidogo, na tutairudia hapo mbele.

Fedha za mashabiki zina hatari zake. Kwa miongo mingi kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, zilimruhusu shabiki kukichangia chuo lakini zilimkataza kumpa mchezaji mkononi. Mashabiki wa Chuo cha Southern Methodist, mjini Dallas, walivunja katazo hilo kwa kuwalipa wachezaji wa timu yao kwa siri. Mwaka 1987 chuo hicho kilifungiwa kucheza msimu mzima, na timu iliyokuwa tishio ikachukua miaka mingi kuinuka. Tangu Julai 2021 wanafunzi wameruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na mwaka 2025 mahakama iliridhia vyuo vyenyewe kuwagawia wachezaji sehemu ya mapato. Kwa sababu hiyo mashabiki wengi wa huko sasa huchangia malipo ya wachezaji kuliko ada. Mwandishi wa makala haya haoni kwamba hilo ni la kuigwa na mji ambao bado unatafuta ada.

Jambo jingine linalohitaji kutazamwa kwa makini ni muda wa ufadhili. Kuanzia mwaka 1973 kanuni za NCAA zilitaka ufadhili utolewe kwa mwaka mmoja mmoja. Kocha aliyeona mchezaji ameumia au ameshuka kiwango aliweza kuacha kuupendekeza tena, na kijana akajikuta nje ya darasa kwa sababu ya goti. Ruhusa ya kuandika mikataba ya zaidi ya mwaka ilirejea mwaka 2012. Kwa karibu miaka 40, basi, msaada ulioitwa wa masomo ulikuwa kwa kweli ujira wa miguu.

Watanzania wamo katika historia hii. Suleiman Nyambui, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso, na alitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani wa mita 10,000 kwa miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola mwaka 1978 mjini Edmonton na wa mita 10,000 mwaka 1982 mjini Brisbane, alipita chuo hichohicho. Katika mpira wa kikapu, Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam, akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kati ya wachezaji wote walioingia ligi ya NBA.

Wote hao walionwa kwanza, kisha wakafadhiliwa. Tatizo la kijana asiyeonwa ni tofauti, na jirani zetu wa Kenya wana mifano miwili ya namna ya kulikabili.

Wa kwanza ni wa zamani. Mwaka 1959 Tom Mboya alitafuta njia ya kuwapeleka Marekani vijana waliokuwa wamepata nafasi za vyuo lakini hawana nauli. Barua ya kuwaomba wananchi wa Marekani michango ilitiwa saini na waigizaji Harry Belafonte na Sidney Poitier pamoja na Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli ambaye mwaka 1947 alivunja ubaguzi wa rangi katika ligi kuu ya mchezo huo. Watu wa kawaida walituma walichonacho, na Septemba mwaka huo wanafunzi 81 wakasafiri kwa ndege moja ya kukodi. Safari za baadaye zilichukua vijana wa nchi nyingine za kanda hii, Tanganyika ikiwamo. Inafaa kuzingatia kilicholipwa. Vyuo vilikuwa vimekwisha kutoa nafasi; kilichokosekana ni nauli.

Mfano wa pili ni mradi wa KenSAP, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mike Boit, mshindi wa medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, pamoja na mwandishi wa Kimarekani John Manners. Mradi huo huwatafuta wanafunzi wa Bonde la Ufa waliofaulu vizuri sana, huwaandaa kwa mitihani ya kuingia vyuo vya Marekani, na mwanzoni ulipima pia uwezo wao wa kukimbia ili uwasaidie katika maombi. Hapa napo fedha hazikwenda kwenye ada. Zilikwenda kwenye maandalizi, fomu na safari.

Hapo ndipo Mang'ula inapoingia. Mji huu mdogo ulio chini ya safu za Udzungwa, kwenye barabara ya kutoka Kidatu kwenda Ifakara, una makao makuu ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1992, una stesheni ya TAZARA, na umezungukwa na mashamba ya mpunga na miwa. Watu wake si wageni wa makato: mkulima mdogo wa miwa anajua ada ya chama inavyotolewa kwenye malipo yake kabla hajashika fedha. Mashabiki wa Simba na wa Yanga wamo, kama walivyo kila mahali nchini, na wanakumbuka msimu wa 2018/19 ambao kocha Mwinyi Zahera aliwahimiza wapenzi wa Yanga kuichangia timu, hadi neno "bakuli" likapata maana mpya vijiweni. Nia ya kuchanga, kwa hiyo, haina haja ya kufundishwa. Kinachotakiwa ni kuamua bakuli limwendee nani.

Tufanye hesabu ya mfano. Mashabiki 300 wakitoa shilingi 2,000 kila mwezi, kwa mwaka zinapatikana shilingi 7,200,000. Wakijizuia kwa miaka mitano wanakuwa na shilingi 36,000,000, bila kuhesabu faida ya katikati. Fedha hizo zikiwekwa katika hatifungani za Serikali, ambazo mtu anaweza kuanza kununua kwa shilingi milioni moja, au katika mifuko ya uwekezaji wa pamoja kama Mfuko wa Umoja ulioanza mwaka 2005, zitazaa bila mtaji kuguswa. Faida ikiwa asilimia 10 kwa mfano, ni shilingi 3,600,000 kila mwaka.

Kiasi hicho hakimpeleki mtu El Paso, wala si lazima kimpeleke. Masharti ya viza za wanafunzi wa Kitanzania kwenda Marekani yalikazwa zaidi mwishoni mwa mwaka 2025, na mfuko unaotegemea ubalozi wa nchi nyingine ni mfuko ulioshika tawi bovu. Karibu zaidi kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo cha Malya, mkoani Mwanza, kinachofundisha walimu na viongozi wa michezo. Kuna shahada ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na kuna vyuo vya Morogoro na Ifakara ambavyo mwanariadha anaweza kusomea kilimo, uongozi au uganga huku akiendelea kukimbia. Ada ya kidato cha tano na sita Serikali iliifuta kuanzia mwaka 2022/23, na Bodi ya Mikopo iliyoanza kazi mwaka 2005 huwabeba zaidi wanafunzi wa shahada. Wa stashahada walianza kukopeshwa mwaka 2023/24, tena kwa fani zilizoteuliwa tu. Hilo ndilo pengo ambalo mfuko mdogo unaweza kuliziba.

Kisheria, kikundi kinachotaka kukusanya fedha kwa jina la michezo kina njia ya kusajiliwa kama chama cha michezo, chini ya sheria iliyounda Baraza la Michezo la Taifa mwaka 1967, au kama shirika lisilo la kiserikali chini ya sheria ya mwaka 2002. Akaunti iwe ya kikundi na watia saini wasipungue watatu, na fedha zilipwe moja kwa moja chuoni, si kwa mzazi wala kwa kijana. Simba na Yanga wakiweza kukaa kamati moja, itakuwa vigumu kwa mmoja kuficha daftari la mwenzake.

Baada ya hayo limebaki sharti moja ambalo katiba ya mfuko haina budi kulitamka waziwazi kabla ya kijana wa kwanza kuteuliwa: akivunjika mguu mwaka wa pili, nani atalipa mwaka wa tatu? Maoni ya safu hii ni kwamba mfuko ulipe, mradi matokeo yake ya mtihani yanaridhisha. Wapo watakaosema kwamba shabiki alichangia mbio, hakuchangia darasa. Wajadiliane hilo mapema na waliandike kwa Kiswahili kinachoeleweka, na nakala ipewe familia ya mwanafunzi siku ileile anayopewa barua.