Matunzo ya Mtoto Mtu Mzima Aliye Chuoni (Marekani)

Haya ni fedha ambazo mahakama humwamuru mzazi aliyetengana na mwenzake kuzitoa kwa ada, malazi, chakula na vitabu vya mtoto aliyekwisha kufikia utu uzima, ambao katika majimbo mengi huanza miaka 18. Hakuna sheria ya shirikisho inayouweka wajibu huu. Kila jimbo lina msimamo wake, na mengi hayamlazimishi mzazi.

Mgogoro mahakamani

Ubishi wote umesimama juu ya swali moja gumu: ikiwa wazazi wanaoishi pamoja hawashurutishwi kumsomesha mtoto chuoni, waliotalikiana washurutishwe kwa nini? Kwa hoja hiyo Mahakama ya Juu ya Pennsylvania, katika shauri la Curtis dhidi ya Kline (1995), ilibatilisha sheria ya 1993 iliyowawekea wazazi wajibu huo, kwa kukiuka usawa mbele ya sheria. South Carolina iliamua vivyo hivyo mwaka 2010, ikageuka mwaka 2012 katika shauri la McLeod dhidi ya Starnes, kwa kutambua kwamba talaka yenyewe huweza kumkosesha mtoto msaada ambao angeupata nyumbani, hoja iliyo karibu zaidi na maisha ya watoto wenyewe. Alabama, iliyoukubali wajibu huo mwaka 1989, iliufuta mwaka 2013 ikisema neno "watoto" katika sheria ya talaka halihusu watu wazima.

Shauri linalotajwa sana ni Newburgh dhidi ya Arrigo la New Jersey (1982), lililoweka vigezo 12, vikiwemo uwezo wa mzazi, bidii ya mtoto na uhusiano wao. Kigezo hiki cha mwisho ni kikali, kwa kuwa uhasama uliozaliwa na talaka unaweza kumgharimu mtoto ada yake.

Mfano wa Illinois

Sheria ya Illinois ni ya kina: ada haizidi ile ya Chuo Kikuu cha Illinois kilichopo Urbana-Champaign isipokuwa kwa sababu maalumu, na wazazi wanaweza kuamriwa kulipia hata maombi ya vyuo yasiyozidi 5 na mitihani 2 ya kujiunga. Wajibu hukoma mtoto anapooa au kuolewa, anapopata shahada ya kwanza, anaposhuka chini ya wastani wa C, au anapofikisha miaka 23, ingawa hakimu aweza kuongeza hadi 25.

Makubaliano

Hata pasipo sheria, ahadi ya ada iliyoandikwa katika mkataba wa talaka hutekelezwa.

Hali ya sasa

Tangu 1 Februari 2017, matunzo ya kawaida ya mtoto, yaliyo tofauti na gharama za chuo, hukoma New Jersey akifikisha miaka 19, na huweza kurefushwa hadi 23.