Louis, Spyridon (1873–1940)

Spyridon Louis alikuwa mchukuzi wa maji na mwanamichezo wa ridhaa, yaani asiyelipwa kwa kushindana, kutoka Marousi, mji mdogo wa Ugiriki kaskazini mwa Athens. Baba yake aliuza maji ya madini jijini Athens, ambako wakati huo hapakuwa na mfumo mkuu wa kusambaza maji, naye Louis akimsaidia kuyasafirisha. Tarehe 10 Aprili 1896, katika Olimpiki ya kwanza ya kisasa, alikimbia marathoni, mbio za masafa marefu zilizoanzia mji wa Marathon hadi Uwanja wa Panathenaic, takriban kilomita 40. Mfaransa Albin Lermusiaux na Mwaustralia Edwin Flack, waliokuwa wametangulia, waliishiwa nguvu wakaacha njiani, na Louis akaingia uwanjani akiwa wa kwanza kwa saa 2, dakika 58 na sekunde 50, huku wana wawili wa mfalme wakishuka kukimbia naye hatua za mwisho. Alipewa kikombe cha fedha kilichotolewa na Michel Bréal, mwanaisimu aliyebuni mbio hizo.

Hakushindana tena, alirudi Marousi akalima, kisha akawa askari polisi. Mwaka 1926 alishtakiwa kwa kughushi hati za kijeshi, akasota gerezani zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuonekana hana hatia. Alifariki Machi 1940. Uwanja wa Olimpiki wa Athens, uliopo Marousi, umepewa jina lake.